Fila Si Dawa ya Kutu

Mwaka 1988 niliuza gari. Lilikuwa Peugeot 404 ya marehemu baba, rangi ya maziwa, na mnunuzi alikuwa jirani yangu, muuza samaki, mtu tuliyekuwa tukisali naye safu moja. Kabla ya kumwuzia nililitengeneza mwenyewe. Vizingiti vya chini ya milango vilikuwa vimeliwa na kutu, nami wakati ule nilikuwa na miezi 3 tu tangu nishike mashine ya kuchomelea. Nikabandika mabati, nikayajaza fila, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Gari liking'aa hata wapita njia wakisimama kulitazama. Jirani akanilipa, akaondoka nalo huku akiniombea heri.

Haikupita miezi 4, akapata pancha katika njia ya Malindi, karibu na Kilifi. Akatia jeki mahali pake pa kawaida, chini ya kizingiti. Jeki ikapanda, gari lisipande. Iliingia ndani ya kizingiti kama kidole kiingiavyo katika papai lililoiva. Alhamdulillahi hakuumia mtu, kwani gurudumu lilikuwa bado halijafunguliwa. Alinijia jioni ile ile, wala hakupaza sauti. Alifungua kiganja akanionyesha kipande cha fila kilichomeguka, upande wa ndani umeganda ungaunga mwekundu wa kutu, akaniuliza: "Sheikh, hili ulikuwa walijua?"

Nilikuwa nalijua. Nilimrudishia fedha zake, nami nikarudishiwa gari. Ningali nalo hata leo, na ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Jambo ninalotaka kulisema ni hili. Vijana wetu wanaojifunza kuchomelea bodi za magari ya zamani hawashindwi kwa sababu mikono yao ni mibaya. Wanashindwa kwa sababu sisi tuliowatangulia tumewafundisha kufunika kabla ya kuwafundisha kuunganisha. Mwanagenzi akikosea, haambiwi akate aanze upya. Huambiwa, "Tia fila, nani ataona?" Basi hilo la pili ndilo analolijua vyema kuliko la kwanza.

MAGARI YENYEWE NI AMANA

Huenda msomaji akauliza, haya magari makuukuu yana nini hata tuyahangaikie? Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, ikachoreshwa na Pininfarina wa Italia, na katika mbio za Safari ilishinda mara 4: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini sisi wa pwani hatukuipendea mbio. Tuliipendea kazi. Ilibeba abiria, ikabeba samaki, ikabeba mabwana harusi, ikabeba na wagonjwa usiku wa manane. Wengi wa rika langu walipanda gari kwa mara ya kwanza ndani ya Peugeot, wamepakatwa na mama zao. Na pamoja nayo walikuwapo Morris Minor, Volkswagen ya mgongo wa kobe, na Datsun 1200.

Hivi leo sheria ya viwango hairuhusu kuingiza nchini gari la kawaida lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa. Kwa hiyo haya tuliyo nayo ndiyo hayo hayo. Kila moja linalokatwakatwa kuwa vyuma chakavu, badala yake haliji. Mwenye nalo amewekewa amana na waliomtangulia, na fundi anayelishika ameshika amana ya mwenzake.

Na pwani kutu haina mzaha. Upepo wetu una chumvi, na chumvi huvuta unyevu ikakaa nao. Huingia ndani ya vizingiti, ndani ya milango, nyuma ya mudgadi, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki. Kwa hiyo gari huliwa kutoka ndani kuja nje. Unapoona kilengelenge kimoja cha rangi, jua kwamba ndani yake pameshatoboka. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa gari la pwani neno hilo ni la kweli tupu.

BATI JEMBAMBA LAHITAJI ADABU YAKE

Sasa hebu tumtazame mwanagenzi. Siku ya kwanza au ya pili hupewa mashine ya vijiti, ile inayochomelea madirisha na mageti, na kijiti cha milimita 2.5, akaambiwa aunganishe sakafu ya gari. Msomaji, bati la bodi ya gari kama hilo lina unene wa milimita 0.8 hadi 1 hivi. Kijiti kile chahitaji ampea 60 na zaidi ndipo kiwake sawasawa, na moto huo ni wa geti, si wa bati kama hilo. Hugusa mara moja, tundu. Hujaribu kuliziba tundu, tundu likawa tundu kubwa. Mwishowe hulundika mabonge ya chuma juu kama kichuguu, nayo hayakushika pembeni. Kisha huja fila.

Kwa bati jembamba chombo kinachomfaa anayeanza ni mashine ya MIG, yaani ile inayosukuma waya yenyewe na kumwaga gesi ya kukinga mshono. Waya uwe wa milimita 0.6, na moto wa ampea 30 hadi 50. Gesi ya agoni iliyochanganywa na hewa ya ukaa kidogo huwaka kwa upole kuliko hewa ya ukaa peke yake, ambayo hukata ndani zaidi na kurusha cheche nyingi. Mafundi wa zamani walitumia moto wa oksijeni na asetilini, na kazi yao ilikuwa safi, lakini moto ule hupasha bati eneo kubwa na kulikunja, hivyo wataka mkono uliokwisha kukomaa. Na asiye na chochote ila mashine ya vijiti, basi atafute vijiti vya milimita 1.6, ateremshe moto, ajue kwamba amechagua njia yenye miiba.

Lakini hata mashine nzuri haimfanyi mtu fundi. Nimeona mashine za bei kubwa zikitoa mishono ya aibu. Ndiyo maana nasema mwanagenzi asiguse gari la mtu mpaka amepita mambo matatu: bati chakavu, usafi, na bandi.

KWANZA, BATI CHAKAVU

Chukua mlango uliotupwa, wa gari la aina yoyote, ukatwe vipande vya upana wa vidole vinne. Mpe kijana avikutanishe ncha kwa ncha na kuviunganisha, kutwa nzima, juma zima. Asibabaike kwa matundu ya mwanzo. Kila tundu ni somo: ama moto ni mkali, ama mkono umekawia, ama nafasi kati ya vipande ni kubwa mno.

Awekwe sikio pia. Mashine ya MIG ikipangwa sawasawa hulia mfululizo kama bajia zikitiwa katika mafuta ya moto. Ikipiga mapopo mapopo na waya kuusukuma mkono nyuma, waya waenda mbio kuliko moto. Waya ukiyeyuka kuwa tone kubwa na kurudi kwenye bomba, moto umezidi waya. Waya utokeze kiasi cha milimita 10 tu, bomba lisimame karibu wima, likilala kidogo. Na macho yasiangalie mwanga wa moto, yaangalie lile dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, kwani ndilo linalosema kama pande zote mbili zimelowa.

Kisha upimaji. Mshono usisifiwe kwa uso wake. Ugeuze uangalie mgongo: ikiwa hakuna alama ya chuma kilichopenya, umebandika tu, hukuunganisha. Ubane kwenye jiriwa, upige nyundo mpaka bati lipinde. Bati likichanika pembeni ya mshono, mshono ni mzima. Mshono ukifunguka wenyewe, rudi ukaanze. Kipimo hiki hakihitaji fedha wala mwalimu, na laiti ningalikifanya mwaka 1988 nisingalimwuzia jirani yangu aibu.

PILI, USAFI

Umeme na uchafu havipatani. Rangi, kutu, grisi, lami ya chini ya gari, vyote hivi huingia katika mshono vikaujaza vitundu kama mkate wa kumimina. Bati lisafishwe mpaka ling'ae, upana wa vidole viwili kila upande, mbele na nyuma. Na koleo la athi lishike chuma kitupu karibu na kazi, lisishike rangi, kwani mashine itatapatapa na kijana atadhani kosa ni lake.

Usafi mkubwa zaidi ni wa kukata. Anayeanza huwa na huruma isiyo na faida: hukata kidogo, akaacha ukingo wa kutu ili abandike juu yake. Fundi wa jahazi hafanyi hivyo. Ubao ukioza huutoa mpaka afike kwenye mti mzima, ndipo atie ubao mpya na kalafati. Hapakii rangi ubao uliooza kisha akawapeleka watu Pemba. Bati nalo ni hivyo hivyo. Gonga kwa ncha ya bisibisi. Panapobonyea, kata, na uvuke mpaka pazito. Kiraka kiwe na pembe za mviringo, maana moto hujikusanya kwenye pembe kali na bati hujikunja hapo.

Tena kiraka kiingie ndani ya tundu lake ncha kwa ncha, kisilazwe juu ya bati la zamani kama kiraka cha suruali. Kikilazwa juu, kati ya mabati mawili hubaki uwazi mwembamba, na kwa chumvi yetu ya pwani uwazi huo ni nyumba mpya ya kutu. Pale ambapo kiwanda chenyewe kiliyalaza mabati, kama kwenye kingo za vizingiti, toboa bati la juu matundu ya milimita 6 hadi 8, paka praima ya zinki katikati, ubane, kisha ujaze yale matundu kwa chuma. Ndiyo njia inayokaribia zaidi kazi ya kiwandani.

TATU, BANDI

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo hekima ya mafundi wetu wa kanzu inapotufaa. Mshonaji hapigi cherehani moja kwa moja kutoka bega hadi pindo. Kwanza hupiga bandi, nyuzi chache za kushikiza, akaitazama nguo, akainyoosha, ndipo akashona. Akianza kushona bila bandi, kitambaa humkimbia na kanzu huenda mrama.

Bati nalo hukimbia. Likipata moto hutanuka, likipoa husinyaa zaidi ya lilivyokuwa. Ukichora mstari mmoja mrefu wa moto kutoka mwanzo hadi mwisho, mlango ulionyooka hutoka una mawimbi kama bahari ya kusi, wala huwezi kuyatoa kwa kusugua. Kwa hiyo piga nukta moja hapa, nyingine pale mbali, nyingine upande wa pili, kila nukta umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwa mwenzake. Simama. Gusa kwa mkono: ikiwa huwezi kuweka kiganja, bado. Kisha nukta katikati ya nukta, kwa kurukaruka, mpaka zikutane. Usimwagie maji kuharakisha, acha lipoe lenyewe.

Nyuma ya uwazi weka kipande cha shaba nyekundu, hata bomba la zamani lililopondwa likawa bapa. Shaba hunyonya moto, na chuma kilichoyeyuka hakishikamani nayo. Tundu lililomtesa kijana wiki nzima litazibika mbele ya macho yake. Mshono ukiisha, mshikilie kipande kizito cha chuma nyuma, ukaugonge kwa nyundo kidogo kidogo, kwani kugonga hutanua kile ambacho moto ulikisinyaza. Mwisho sugua kwa grainda, nayo kwa mapumziko, maana grainda ikikaa mahali pamoja hupasha bati na kulikunja upya, au hulila likawa jembamba kama karatasi.

Kiraka cha ukubwa wa kiganja, kwa mwendo huu, chaweza kula nusu siku. Mimi cha mwaka 1988 nilikimaliza kwa dakika 10.

UPEPO NA MABATI YA NYUMBA

Kuna mambo mawili ya kwetu hapa ambayo vitabu vya ng'ambo haviyaelezi sana. La kwanza ni upepo. Karakana nyingi za Mombasa ni banda la wazi. Kusi ikivuma, gesi ya kukinga mshono hupeperushwa kabla haijafanya kazi yake, na mshono hutoka una matundu kama sifongo. Kijana hulaumiwa, hali mwenye kosa ni upepo. Tundika turubai au magunia upande unakotoka upepo, ufanye kazi chini chini, lakini usijifungie kabisa, maana gesi hiyo hiyo hufukuza hewa ya kupumua.

La pili ni mabati ya nyumba. Tumezoea kuokota kipande cha bati la paa na kukifanya sakafu ya gari. Kwanza, bati la geji 30 halifiki hata nusu ya unene wa bati la gari. Pili, lina zinki. Zinki huchemka ikifika digrii 907 za selsiasi, na chuma huyeyuka karibu na digrii 1,500, hivyo kabla chuma hakijayeyuka zinki imekwisha kuwa moshi mweupe. Moshi huo ukiuvuta, baada ya saa kadhaa hupatwa na baridi, homa na maumivu ya mwili ambayo mtu aweza kuyadhania ni malaria. Kuna wanaokunywa maziwa wakidhani yanaosha kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Nunua bati jeusi la chuma lenye unene wa milimita 0.9 au 1, kipande kidogo chatosha.

YASIYOCHEZEWA

Nayasema haya kwa ukali, kwani ni ya uhai. Betri itolewe waya zake kabla ya kuwasha mashine. Tangi la petroli lishushwe likawekwe mbali, wala mtu asijidanganye kwamba ni tupu: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Viti na mazulia yatolewe. Ndoo ya maji na ya mchanga ziwepo, na kazi ikiisha fundi asiende nyumbani mara moja. Akae saa nzima akinusa, kwani moto wa gari hupenda kulala ndani ya kizingiti ukaamka wenyewe wameshaondoka.

Ngao ya uso iwe na kioo cheusi cha nambari 10 au 11. Anayechungulia "kidogo tu" kwa jicho tupu ataamka usiku macho yakimwasha kama yametiwa mchanga. Avae nguo nzito ya pamba na viatu vilivyofunika. Mimi niliwahi kuchomelea nimevaa kikoi na makubadhi, cheche ikaingia kati ya vidole. Tangu siku ile sikuhitaji mwalimu wa kunikumbusha viatu.

Na zipo sehemu ambazo mwanagenzi asiziguse peke yake. Katika 404, kama magari mengi yaliyofuata, bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, haina chesisi mbali. Pale springi za mbele zinaposhika juu, pale mikanda ya viti inapofungwa, na mahali usukani ulipojishikiza, hizo ni sehemu za kubeba roho za watu. Hata kizingiti, kabla ya kukikata, pima tundu la mlango kwa futi, lifunge chuma cha kulizuia lisijikunje, na fanya upande mmoja kwanza. La sivyo utamaliza kazi nzuri ukute milango haifungi.

"NANI ATALIPA?"

Nimeyasema haya mbele ya mafundi wenzangu, na jibu lao ni moja. "Sheikh, mteja anataka gari lake Ijumaa. Nani atamlipa kijana anayechoma bati chakavu wiki nzima? Na mteja mwenyewe atazama rangi, haangalii chini."

Siwadharau. Kodi ya banda yalipwa, watoto wala. Ninajua pia kwamba wenye magari ndio waliotuzoesha. Humwendea fundi wa bei ya chini, kisha hushangaa kutu imerudi kabla ya mwaka. Lakini hesabu hiyo haiendi mbali. Kijana aliyepewa juma moja la bati chakavu hatoboi tena mlango wa mteja, na mlango mmoja uliotobolewa ni hasara kubwa kuliko juma hilo. Aliyefundishwa kufunika hurudia kazi ile ile mara mbili na tatu, kila mara bati limezidi kuwa bovu, mpaka siku hakuna pa kuchomelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye daftari la karakana. Sote tumekisikia msikitini kile kisa cha mfanyabiashara aliyeweka chakula kikavu juu na kilicholowa chini, na tumeambiwa neno zito alilolipata kutoka kwa Mtume. Sioni tofauti kati ya rundo lile na kizingiti changu cha mwaka 1988. Kwangu kilikuwa kikavu juu, na chini kilikuwa kimelowa.

Simaanishi kwamba fila ni haramu. Fila ni kitu chema mahali pake. Bati likiwa zima na mshono ukiwa umepimwa, tabaka jembamba la milimita 2 au 3 la kusawazisha mabonde halina lawama, na mafundi wakubwa wa dunia hulitumia. Ubaya ni kulitia juu ya tundu au kutu. Fila haibebi uzito, na kwa kuwa hunyonya maji huilisha kutu iliyo chini yake.

RAI YANGU

Naomba mambo mawili tu, na yote mawili hayahitaji serikali.

Kwa wenye karakana: asiyejua asianzie kwenye gari la mtu. Pawe na rundo la bati chakavu pembeni, na mshono uliopita jiriwa na nyundo ndio uwe hati ya kijana ya kuingia kazini. Akikosea kwenye gari, akate, afanye upya, wala asiambiwe "nani ataona".

Kwa wenye magari: nendeni mkalione gari likiwa uchi, kabla ya fila na kabla ya rangi. Mwambieni fundi mapema kwamba mtakuja, na mkimkuta amefanya vyema mwongezeni kitu, kwani subira yake ni kazi. Na mnaponunua, chukueni sumaku ndogo, ifungeni kitambaa isikwaruze, mpitishe chini ya milango na kwenye mudgadi. Mahali isiposhika, fila ni nene. Mwulizeni muuzaji lile swali nililoulizwa mimi.

Sasa mpwa wangu ana umri wa miaka 19, naye amechukua kazi ya kuifufua 404 ile. Siku za kwanza alinijia akisema, "Mjomba, nishatoboa tena." Nikamwambia ashukuru kwamba ametoboa mlango wa jaani, hakutoboa wa babu yake. Majuma 5 hakugusa gari. La 6 alikata kizingiti cha kushoto, akakipima, akakipiga bandi, akakiacha kipoe, akaendelea, nami nimekaa juu ya kigoda namzuia kila anapoharakisha. Ndani amekipaka praima, viungo akaviziba, na ndani kabisa akamimina nta ya kuzuia maji.

Alhamisi iliyopita, fila haijatiwa wala rangi haijapakwa, tuliweka jeki chini ya kizingiti hicho. Aliizungusha yeye, polepole, mimi nimeshika pumzi kama mtu anayesubiri hukumu. Gari likapanda.

Kizingiti cha kulia bado ni kile changu cha mwaka 1988. Tutakikata mwezi ujao, inshallah, na kile kipande cha fila alichoniletea jirani nimekiweka juu ya meza ya karakana ili kila anayejifunza hapo akione. Hayo ndiyo maoni yangu. Aliye na rai iliyo bora na ailete, nasi tutaisikiliza.